Siku Nne za Binti Yeftha

(Hotuba kwa viongozi wa jumuiya na wasomaji wa masomo)

Wapendwa katika Bwana, Tumsifu Yesu Kristo. Na kwenu ndugu zetu Walutheri, Waanglikana na Wamoraviani mlioungana nasi leo, Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, mama zangu, vijana, nawashukuru kwa kunipa nafasi.

Nimepewa mada ya masomo ya kila siku na namna ya kuzipokea aya ngumu. Nitaanza na siku moja tu: Alhamisi ya juma la 20 la mwaka, katika mwaka wa kwanza wa masomo ya siku za kazi. Ninyi mnaosali misa ya alfajiri mmeisikia. Somo la kwanza ni Waamuzi 11, kuanzia aya ya 29. Yeftha anakwenda kupigana na Waamoni, anaweka nadhiri kwamba Bwana akimpa ushindi, atakayetoka mlangoni mwa nyumba yake kumlaki atatolewa kuwa sadaka ya kuteketezwa. Anashinda, anarudi Mispa, na anayetoka ni binti yake, mtoto wa pekee, anapiga matari na kucheza. Binti anaomba miezi miwili aende milimani na wenzake akaulilie ubikira wake. Miezi ikiisha anarudi kwa baba yake, naye baba anamtenda kama alivyoweka nadhiri. Msomaji anainua uso, anasema, "Neno la Bwana." Nasi sote, usingizi ukiwa bado machoni, tunajibu, "Tumshukuru Mungu."

Tumshukuru Mungu kwa lipi? Nauliza kwa uchungu, kwa sababu masomo haya ndiyo yaliyonilea. Nayasoma kila asubuhi kabla ya kazi, nayapenda, na ndiyo maana siwezi kuitikia tu na kukaa.

Katika habari ile Mungu hasemi neno hata moja juu ya nadhiri. Roho wa Bwana alikwisha kumjia Yeftha katika aya ya 29, kabla hajafungua kinywa kuahidi chochote, kwa hiyo ushindi ule haukuhitaji kununuliwa. Kwa Isaka malaika aliita kutoka mbinguni na kisu kikazuiwa. Kwa binti huyu mbingu zimenyamaza. Baba anapomwona anazirarua nguo zake, lakini sikilizeni vizuri kilio chake: anamlaumu mtoto, kwamba amemwangusha, kwamba naye amekuwa mmoja wa wanaomsumbua. Aliyetoka kuushangilia ushindi wa baba yake ndiye anayebebeshwa lawama. Jina lake hatuambiwi. Halafu ukifika Waebrania 11 unamkuta Yeftha kwenye orodha ya watu wa imani, pamoja na Gideoni na Samsoni na Daudi, na binti hatajwi kabisa.

Wafafanuzi wamehangaika na habari hii karne kwa karne. Tangu Zama za Kati wapo waliosema hakuuawa, alitengwa tu aishi bila kuolewa, kwa kuwa kilio chake kilihusu ubikira. Ningetamani wawe sahihi. Lakini nadhiri ilitaja sadaka ya kuteketezwa, na maandiko yanasema baba aliitimiza. Siwezi kuilainisha kwa sababu tu inaniuma. Walimu wa Kiyahudi wa kale walikwenda njia nyingine, nami naiona ni ya kweli zaidi. Walisema nadhiri ile haikupaswa kumfikisha mtoto kwenye mauti, maana hata Sheria, katika Walawi 27, inaruhusu mtu aliyewekewa nadhiri akombolewe kwa fedha. Ila Yeftha alijiona mkubwa mno kumwendea kuhani Finehasi, na Finehasi akajiona mkubwa mno kumwendea Yeftha, na katikati ya vyeo vyao viwili msichana akafa. Walimu wale walilisoma Neno kwa kicho kikubwa, na bado hawakuogopa kusema kwamba hapa wakubwa wa watu wa Mungu walitenda uovu.

Sasa angalieni somo linapokomea. Kitabu cha masomo kinakata katikati ya aya ya 39. Kinachofuata hakisomwi kanisani. Ukiifungua Biblia yako nyumbani utakuta kwamba ikawa desturi katika Israeli, binti za Israeli kwenda mwaka kwa mwaka kumwombolezea binti Yeftha, siku nne kila mwaka.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipotaka tufike. Biblia yenyewe imetuonyesha la kufanya na habari kama hii, nasi tumeliacha nje. Wanawake wale hawakutafuta maelezo ya kumtetea Mungu, wala hawakumtafutia Yeftha udhuru. Walimtengea binti yule siku zake katika mwaka. Tena siku nne si kitu kidogo kwa mwanamke wa kijijini: ni siku nne za shamba, za maji, za watoto kuachiwa jirani. Nao walikwenda, na mwaka uliofuata wakaenda tena. Mwandishi wa Waamuzi, katika kitabu kilichojaa vita vya wanaume, aliona vema jambo hilo liwe neno lake la mwisho juu ya yule binti.

Sisi tunalijua jambo hili kutoka kwenye misiba yetu. Mtu akifiwa hatumwendei na maelezo, tunakwenda kukaa naye. Turubai linafungwa, mikeka inatandikwa, kina mama wanapika, wanaume wanalala nje, na hakuna anayemuuliza mwenzake amekuja kueleza nini. Marafiki watatu wa Ayubu walifanya hivyohivyo mwanzoni: walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kumwambia neno, na mpaka hapo walikuwa marafiki wa kweli. Waliharibu walipoanza kufafanua. Na mwisho, katika sura ya 42, Mungu anawaambia kwamba hawakunena yaliyo sawa juu yake kama alivyonena Ayubu, yule aliyekuwa akilalamika muda wote. Ombi langu kwenu leo ni hilo: aya inayoumiza tuiendee kwanza kama watu waendao msibani. Tumtafute aliyeumizwa ndani yake, tukae naye. Maelezo yatakuja, na mengine hayatakuja.

Silaumu walioandaa kitabu cha masomo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya Liturujia ya mwaka 1963, uliagiza hazina za Biblia zifunguliwe kwa waamini kwa wingi zaidi, na mwaka 1969 ukatoka mpangilio tunaoutumia, Jumapili kwa miaka mitatu na siku za kazi kwa miaka miwili. Kabla ya hapo mzunguko wa Jumapili ulikuwa wa mwaka mmoja, na Agano la Kale lilisikika kwa nadra. Makanisa mengi ya Kiprotestanti yalijifunza kutoka huko, na mpangilio wao wa pamoja uliotolewa mwaka 1992 unafanana sana na huu. Wamoraviani wana neno lao la siku linalochaguliwa kwa kura kule Herrnhut, Ujerumani, na kuchapishwa tangu mwaka 1731. Waadventista wana Kesha la Asubuhi. Wengine mmejiwekea kuisoma Biblia nzima kwa mwaka: sura 1,189 za vitabu 66, yaani sura tatu kwa siku na kidogo zaidi. Zote ni njia njema. Lakini kila aliyechagua aya ameacha aya, na kiongozi wa jumuiya anapaswa kujua zilizoachwa ni zipi. Hata anayesoma zote anaweza kuruka: macho yanapita, kurasa zinafunuliwa, alama inawekwa kwenye ratiba, siku imekwisha.

Chukueni zaburi. Katika Liturujia ya Vipindi, kitabu cha sala za Kanisa Katoliki za kila siku kwa saa zake, iliyotoka mwaka 1971, zaburi tatu ziliachwa nzima, ya 58, ya 83 na ya 109, na katika nyingine aya kadhaa zikaondolewa, ukiwamo mwisho wa zaburi ya 137. Sababu iliyotolewa ni ugumu ambao laana zile zinampa anayesali. Naielewa sababu hiyo. Hata hivyo, katika Matendo 1, Petro anaposimama katikati ya ndugu ili apatikane wa kushika nafasi ya Yuda, anainukuu zaburi hiyohiyo ya 109. Kanisa la mwanzo lilikuwa nayo kinywani.

Zaburi ya 137 mwanzo wake tunaujua wote: "Kando ya mito ya Babeli ndiko tulikoketi, tukalia tulipoikumbuka Sayuni." Mwisho wake unamwita heri atakayewakamata watoto wachanga wa Babeli na kuwapiga mwambani. Aliyeyasema hayo alikuwa mtu aliyeiona Yerusalemu ikiteketea, akachukuliwa mateka, na sasa waliomteka wanamwambia awaimbie kidogo wafurahi. Hasira yake aliipeleka kwa Mungu. Nasadiki kwamba zaburi hii inaweza kusaliwa leo na mama ambaye watoto wake wameuawa na mtu mwenye bunduki kule Kivu au Ituri, tena mpaka aya ya mwisho, na asiwepo wa kumwambia apunguze sauti. Ila sisi tunaosali pamoja naye tuna kazi ya pili: kuwalilia na wale watoto wa Babeli, ambao hawakumteka mtu yeyote.

Ugumu unaozidi huo nauona katika 1 Samweli 15. Pale hasira si ya mtu anayelia. Ni amri inayotolewa kwa jina la Bwana, Sauli awaue Waamaleki wote, mwanamume na mwanamke, mtoto na anyonyaye. Nimesoma majibu mengi. Wapo wanaosema hiyo ni lugha ya vita ya zamani yenye kutia chumvi, na wana hoja, maana Waamaleki hao walioangamizwa wote wanaonekana tena katika sura ya 30 wakiuchoma mji wa Siklagi. Wapo wanaosema tunasoma jinsi watu wa wakati ule walivyomfahamu Mungu, na kwamba ufahamu huo ulinyoshwa na Kristo aliyesema wapendeni adui zenu. Mimi niko karibu na hawa wa pili. Lakini sitasimama mbele yenu niseme suala limekwisha, kwa sababu tunaishi jirani na Rwanda. Mwezi Aprili 1994 watu walikimbilia makanisani, Ntarama na Nyamata, wakauawa humohumo kwa maelfu, na wengi wa waliowaua walikuwa wamebatizwa. Baada ya hayo hakuna mhubiri wa Maziwa Makuu mwenye ruhusa ya kuisoma sura ile mbiombio, wala kuwaita jirani zake Waamaleki katika maombi ya usiku. Maneno hayo yana uzito wa miili ya watu.

Hata aya tamu zina ugumu wake. Kila Januari simu zetu hujaa Yeremia 29:11, mawazo ya amani wala si ya mabaya. Aya iliyotangulia inataja miaka 70. Wengi wa watu wazima waliosomewa barua ile walizikwa Babeli, na ahadi ikawafikia wajukuu. Tumaini lake ni la kweli, ila ni la muda mrefu kuliko tunavyoliandika kwenye kadi. Hilo naligusa tu na kupita, kwa sababu nataka muda uliobaki uwe wa Tamari.

Fuateni ratiba ya siku za kazi, mwaka wa pili. Jumamosi ya juma la 3 tunasoma 2 Samweli 12, nabii Nathani anamwambia Daudi, "Wewe ndiwe mtu huyo." Jumatatu ya juma la 4 tunasoma sura ya 15: Daudi anaukimbia mji, anapanda Mlima wa Mizeituni miguu mitupu huku akilia, kwa kuwa mwanawe Absalomu amemwasi. Kati ya Jumamosi na Jumatatu sura mbili zimepita. Mpangilio wa Jumapili wa mwaka 1992 unaruka zaidi, kutoka sura ya 12 hadi ya 18. Kwa hiyo tunamlilia Daudi na Absalomu, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja, bila kuambiwa ugomvi ulianzia wapi. Ulianzia chumbani kwa Amnoni, katika sura ya 13.

Amnoni ni mzaliwa wa kwanza wa Daudi. Anamtamani Tamari, dada yake kwa baba. Ana rafiki, Yonadabu, mtoto wa ndugu yake Daudi, ambaye Biblia inamwita mtu mwerevu sana, na werevu huo anautumia kutega: jifanye mgonjwa, baba akija kukujulia hali mwombe Tamari aje akupikie. Daudi hashtuki, anamtuma binti yake. Tamari anakanda unga, anaoka mikate mbele ya macho ya kaka yake. Watu wote wanatolewa nje. Anakamatwa. Na hapo Tamari anasema, kwa akili na kwa utulivu unaonishangaza kila ninaposoma. Anakataa waziwazi. Anasema jambo hili halitendwi katika Israeli. Anauliza aibu yake ataipeleka wapi. Anamwonya Amnoni kwamba naye ataharibikiwa. Anajaribu hata kununua muda, azungumze na mfalme kwanza. Hakusikilizwa. Baada ya kumbaka, Amnoni akamchukia kuliko alivyodai kumpenda, akamwamuru mtumishi amtoe nje na kukomea mlango nyuma yake.

Tamari akatia majivu kichwani, akairarua kanzu yake ya binti wa mfalme, akaenda akilia kwa sauti njia nzima. Hakunyamaza yeye, alinyamazishwa. Kaka yake Absalomu alimwambia anyamaze kwa kuwa aliyemtenda ni ndugu yake, asilitie moyoni. Mfalme Daudi aliposikia alikasirika sana, ndivyo aya ya 21 inavyosema, na baada ya hasira hiyo hatuoni alichofanya. Miaka miwili baadaye Absalomu alimwua Amnoni kwenye sherehe ya kukata manyoya ya kondoo, na kutoka hapo nchi ikaelekea vitani. Tamari yeye alibaki ukiwa nyumbani kwa Absalomu.

Niambieni ni neno gani katika sura hiyo ambalo hatujalisikia mitaani kwetu. Ni ndugu yako. Tuyamalize kifamilia. Usilitie moyoni, utamharibia maisha. Baba anayekasirika sebuleni na asitoke kwenda popote. Wajomba wanaokutana jioni, wanapanga faini, na msichana hajaulizwa hata mara moja. Ndiyo maana naamini kuiruka sura hii kuna madhara makubwa kuliko kuruka nyingine. Katika kila jumuiya tunayoiongoza, yupo mtu ambaye sura ile ni habari yake. Anakuja Jumapili, anaimba, anasikia habari za Daudi mwimba zaburi mwaka baada ya mwaka, na hajawahi kusikia kwamba ndani ya Biblia mwanamke alibakwa, akasema hapana, na maneno yake yakaandikwa.

Wapo waliotutangulia katika kuisoma. Kule Pietermaritzburg, Afrika Kusini, katika Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, kuna Kituo cha Ujamaa, ambacho kimefanya kazi na makundi ya wanawake wa kawaida wakisoma sura hii pamoja na wataalamu wa Biblia tangu miaka ya 1990. Kutoka huko ikazaliwa Kampeni ya Tamari, na mwaka 2005 mabaraza ya makanisa ya Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika yakaizindua Nairobi. Njia yao ni rahisi, na nguvu yake iko kwenye maswali. Ni akina nani wanatajwa, na kila mmoja ni nani kwa mwenzake? Kila mwanamume katika habari hii alichangia nini katika ubakaji? Tamari alifanya nini na alisema nini? Je, wapo wanawake kama Tamari katika kanisa lenu? Na kanisa lenu lina nini la kumpa? Hakuna swali linalomtaka mtu aitetee sura wala aifunge kwa neno zuri.

Nimeongoza usomaji huu mara kadhaa, na karibu kila mara watu wanaona kitu ambacho sikukiona. Katika jumuiya moja alikuwapo bibi mmoja aliyekaa kimya muda wote. Tulipofika mwisho akauliza, "Na huyu aliyekomea mlango, mbona hamjamtaja?" Kundi zima likanyamaza. Tulikuwa tumemhesabu Amnoni, Yonadabu, Absalomu na Daudi. Yule mtumishi hatukumwona, na yeye ndiye anayefanana na wengi wetu: hakupanga, hakutenda, aliambiwa fanya akafanya, mlango ukafungwa na mtu akabaki nje. Tangu siku hiyo sijawahi kuisoma sura ile bila kumtaja mtumishi.

Najua hofu mliyo nayo. Mtasema kuna watoto, kuna wazee, watu watakwazika. Kwa watoto wadogo tutumie busara, hilo halina ubishi. Lakini binti wa miaka kumi na mitatu anahitaji kujua kwamba alichosema Tamari kinaruhusiwa kusemwa. Anahitaji kujua hivyo kabla, si baada. Mtasema pia imani ya watu itatikisika. Imani niliyoiona ikivunjika kabisa ilikuwa ya watu walioumizwa, wakaja kanisani, wakakuta kanisa halina mahali pa kulitaja jambo lao.

Kiongozi atakayeisoma sura hii na kundi lake ajiandae, kwa sababu kuna siku mtu atabaki nyuma wengine wakiondoka. Usimlazimishe mtu yeyote kutoa ushuhuda. Usiahidi kwamba utalimaliza kichungaji. Tangu mwaka 1998 Tanzania ina sheria maalumu ya makosa ya kujamiiana, na ubakaji ni jinai hata kama familia mbili zimepatana. Jua kituo cha polisi kilicho karibu chenye Dawati la Jinsia na Watoto, jua PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, inapatikana wapi, jua hospitali ipi utampeleka. Kama tukio ni la karibuni, asioge wala asifue nguo kabla ya kuonwa na daktari, na dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zianze ndani ya saa 72. Mfuate mwenyewe, ukae naye kwenye benchi mpaka aitwe. Hayo ni sehemu ya usomaji wa Biblia kama ilivyo sala ya kufungua. Na ikiwa anayetajwa ni mtu wa kundini mwetu, awe mwanakwaya, mzee wa kanisa au padre, njia ni hiyohiyo.

Kuna jambo moja ambalo nililipita kwa miaka mingi, kwa kuwa liko kwenye aya inayoonekana kama ya orodha tu. Ni 2 Samweli 14:27. Absalomu alizaliwa wana watatu na binti mmoja, na binti huyo aliitwa Tamari. Yule aliyemwambia dada yake anyamaze akampa mtoto wake jina la dada huyo. Sijui tulielewe vipi, ni majuto au ni heshima au vyote viwili. Lakini katika nyumba ile, alimokaa shangazi aliye ukiwa, jina Tamari lilikuwa likiitwa kutwa nzima. Nayaweka hayo karibu na zile siku nne za binti za Israeli. Mifumo ilishindwa, baba alishindwa, mfalme alishindwa, na bado wakawapo watu waliokataa aliyeumizwa asahaulike.

Basi tuna saa nzima kabla ya chakula. Tukae makundi ya watu sita hadi wanane, kina mama peke yao, kina baba peke yao, vijana wa kike na wa kiume vivyo hivyo. Fungueni 2 Samweli 13, aya ya 1 hadi ya 22. Msomaji awe mmoja, asome kwa sauti, polepole, na akimaliza kaeni kimya dakika chache kabla ya mtu yeyote kusema. Swali la kwanza ni hili: kila mwanamume aliyetajwa hapa, pamoja na mtumishi, alifanya nini, na angeweza kufanya nini badala yake? Kina baba, ninyi mwanze na Daudi. Sista na mama mchungaji watakuwa kwenye chumba cha pembeni kwa yeyote atakayetaka kuzungumza na mtu faraghani, leo au siku nyingine. Mratibu ana karatasi za maswali mengine. Wanaohitaji wazifuate kwake.